Kibali cha matengenezo kilichozaa ghorofa: jirani wa Mji Mkongwe husikilizwa lini?

MkaaziWaKiponda

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na wengine wote mnaosoma hapa.

Nimejizuia kwa miezi kadhaa kabla ya kuandika uzi huu, kwa kuwa sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Nyumba yetu ipo Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika uchochoro ambao watu wawili wenye vikapu wakikutana, mmoja hulazimika kujibanza kwenye daka la mlango ili mwenzake apite. Ni nyumba tuliyoachiwa na babu yetu, na tunaishi humo vizazi vitatu. Ukuta wa upande wa kibla tunashirikiana na jirani: mawe ni yale yale, chokaa ni ile ile, na boriti za kwao na za kwetu zimeingia katika ukuta huo mmoja kutoka pande mbili.

Nyumba ya jirani ilipata mwenyewe mpya, na mwaka jana ikaanza kutengenezwa. Mtaa mzima tulifurahi, kwa sababu ilikuwa ikivuja na plasta ya mbele ilikuwa imeshabanduka mapande mapande. Tuliambiwa kuwa kibali kilichotolewa ni cha matengenezo. Wiki ya tatu tukaona nondo zinapandishwa kwa kamba kupitia dirisha la juu. Wiki ya sita zilikuwa zimesimama nguzo nne za zege juu ya sakafu ya paa, na kabla miezi mitatu haijatimia palikuwa na ghorofa ya ziada yenye paa la bati na kibaraza cha kulia chakula wageni. Masika yalipoingia, maji ya paa lile yakateremshwa kwa bomba la plastiki ambalo mdomo wake unaishia kwenye ukuta wetu.

Alfajiri moja baada ya mvua nilipitisha kiganja juu ya ukuta huo, ndani, chumbani kwa watoto. Chokaa ilibaki mkononi kama unga wa mchele, na nilipoonja kwa ncha ya ulimi ilikuwa na chumvi. Nikapanda kiti nikachokoa kichwa cha boriti ya pili kutoka dirishani kwa kisu cha jikoni. Kisu kilizama hadi nusu ya bapa lake bila mimi kutia nguvu.

Nilikwenda kuuliza katika ofisi inayohusika. Nilipokewa kwa adabu, nikapewa kiti, nikaambiwa kuwa kibali kipo. Nilipoomba kukiona, au angalau kuoneshwa ramani iliyoidhinishwa, nikajibiwa kwamba jalada haliwezi kufunguliwa kwa mtu asiyehusika. Neno hilo liliniuma kuliko vumbi lote tulilolila, kwa kuwa boriti inayooza ndiyo inayobeba sakafu wanayolalia wanangu.

Najua wapo watakaosema huu ni ugomvi wa majirani wawili. Mimi naona ni jambo la mji. Mji Mkongwe wote una hekta 96 tu, na katika hekta hizo nyumba zimeegemeana kama watu waliosimama safu ya sala, bega kwa bega. Ukimsukuma mmoja wanayumba kadhaa. Tarehe 25 Desemba 2020 tulishuhudia sehemu ya Beit el Ajaib ikiporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafariki, nayo ni nyumba aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliyokuwa ikifanyiwa ukarabati wakati huo huo kwa msaada wa Oman. Ikiwa jumba la serikali lenye wahandisi linaweza kufikwa na hayo, basi nyumba ya uchochoroni inayoongezewa zege kimya kimya inatakiwa iangaliwe kwa macho mengi zaidi.

Ninachodai ni hiki. Ombi lolote la kujenga, kuongeza au kubadilisha matumizi ya nyumba ndani ya Mji Mkongwe libandikwe mlangoni pa nyumba yenyewe na ofisini kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla halijaamuliwa, ili jirani apate kusema. Na likishaamuliwa, liwe limekubaliwa au limekataliwa, sababu za uamuzi ziandikwe na zipatikane kwa yeyote atakayetaka kuzisoma. Naomba maoni yenu, hasa wenye ujuzi wa sheria na wenye ujuzi wa nyumba hizi.

MrithiMalindi

Waalaykum salaam, ndugu Mkaazi. Pole sana, na uondoe watoto katika chumba hicho kabla ya jambo jingine lolote.

Naomba hata hivyo nizungumze kwa upande wa mwenye nyumba, kwa sababu nami ni mmoja wao. Tumerithi nyumba Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, warithi tisa, wengine wapo Dar es Salaam na wengine Muscat. Paa lilipoanza kuingiza maji niliomba kibali cha kubadilisha boriti za ghorofa ya juu. Nilipeleka ramani, nikatakiwa nilete nyingine; nikaleta, nikaambiwa mchoraji hakuonesha milango ya zamani; nikaonesha milango, nikaambiwa afisa anayekagua yuko safarini. Masika mawili yalinipita nikiwa na karatasi mkononi. Katika masika ya pili dari ya chumba cha mama ilianguka mchana, yeye akiwa jikoni, alhamdulillah.

Kwa hiyo ninaposikia pendekezo la kubandika kila ombi mlangoni, la kwanza linalonijia ni hesabu ya masika mengine. Na la pili, tuseme ukweli kwa heshima, ni kwamba mitaa yetu ina husda na ina kesi za mirathi zisizokwisha. Mtu ambaye tumegombana naye kwa kiambaza cha uani tangu enzi za babu zetu atapata mlango mpya wa kunizuia hata kubadilisha mfereji.

Halafu lipo suala la fedha. Fundi anayejua chokaa ni wa kutafutwa, boriti nzuri za mikoko si rahisi kupatikana, na chokaa huhitaji muda ambao mpangaji hakupi. Saruji unanunua asubuhi dukani Darajani na jioni ukuta umesimama. Wengi wanaogeuza nyumba kuwa vyumba vya wageni hawana njia nyingine ya kuitunza. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilizoporomoka, ziliporomoka kwa kuachwa. Hazikuangushwa na ujenzi. Nitaunga mkono pendekezo lako ikiwa mamlaka nayo itafungwa na muda: isipojibu ndani ya siku zilizowekwa, ieleze kwa maandishi kwa nini.

FundiWaChokaa

Nimeifanya kazi hii tangu nilipoacha skuli, nimefundishwa na ami yangu, kwa hiyo nitasema ninalolijua kwa mikono.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji na huyatoa. Mvua ikipiga unalowa, jua likitoka unakauka, na ndiyo maana ndani huwa baridi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, ambazo zamani zikija kwa majahazi kutoka Rufiji, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi kwa usalama, vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba. Nyumba nzima imepimwa kwa mti huo.

Ukipiga plasta ya saruji juu ya ukuta huu umeufunga mdomo. Maji yaliyomo hayana pa kutokea nje, kwa hiyo hurudi ndani, yakibeba chumvi ya matumbawe na ya hewa ya bahari. Chumvi ikikauka nyuma ya plasta huganda na kuvimba, na chokaa ya ndani husagika ikawa ule unga alioushika ndugu Mkaazi. Vichwa vya boriti vilivyomo ndani ya ukuta hubaki na unyevu mwaka mzima, vikaoza kuanzia mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye nyumba huona plasta yake nyeupe, imenyooka, akaridhika, hadi siku sakafu inaposhuka.

Zege juu ya kuta hizi ni balaa la pili. Ukuta wa matumbawe hubeba uzito vizuri ukiwa umegawanyika urefu wote wa ukuta. Nguzo ya zege huukusanya uzito wote mahali pamoja, kama kisigino kwenye udongo laini. Na mchanga ukiwa wa pwani, wenye chumvi, nondo hupata kutu, huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Nimeshabomoa zege la namna hiyo kwa nyundo ya mkono, likawa linabanduka kwa vipande kama ganda la nazi kavu.

Sasa nije kwenye vibali. Nimewahi kuoneshwa na wateja vibali vinavyosema "kupiga plasta kuta za nje" na vikaishia hapo. Plasta gani? Ya chokaa iliyozimwa na kuwekwa shimoni miezi, au ya mfuko wa saruji? Kibali kinachoeleza umbo la nyumba bila kueleza kitakachotumika kuijenga kimeacha nusu ya uamuzi mikononi mwa mkandarasi. Kama nitaulizwa mimi, ningetaka hilo liandikwe kabla hata ya kuzungumzia urefu.

Ndugu Mrithi, chokaa ni ghali mwaka wa kwanza. Njoo unioneshe ukuta wa saruji na ukuta wa chokaa vya umri wa miaka kumi, kisha tufanye hesabu pamoja.

MstaafuVuga

Niliwahi kufanya kazi ya kupitia ramani za majengo kabla ya kustaafu, na nitajaribu kueleza utaratibu kama ninavyoufahamu, bila kumlaumu mtu.

Mji huu umepangwa na kupangwa tena. Lanchester, mtaalamu wa mipango miji, aliuandalia mpango mwaka 1923, wakati wa Waingereza. Ukaja mwingine mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakatoa wao mwaka 1968, ambao ulituletea majumba ya ghorofa ya Michenzani. Na Wachina wakatoa wao mwaka 1982. Mipango hiyo iliuangalia mji wote. Chombo cha kuuangalia Mji Mkongwe peke yake, yaani Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 1994 ukapatikana mpango wa hifadhi ulioandaliwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Sheria iliyopo sasa ni ya mwaka 2010. Juu ya hayo ipo Sheria ya Mipango Miji ya tangu mwaka 1955, ipo Manispaa, na zipo taasisi zenye nyumba zao humo ndani, kama vile Kamisheni ya Wakfu na Shirika la Nyumba. Mwananchi anapouliza "nani ameamua?", swali lake ni gumu kwa sababu hiyo: ofisi ni nyingi, na kila moja ina kipande cha jibu.

Kuna jambo moja ambalo ndugu Mkaazi anapaswa kulijua, kwa kuwa litamsaidia. Wakati wa kuandaa mpango wa 1994 kila nyumba ya Mji Mkongwe ilipitiwa na kuandikwa: hali yake, matumizi yake na sehemu zake za thamani; kisha majengo yakagawanywa kwa madaraja. Maana yake ni kwamba nyumba ya jirani yako ina kumbukumbu ya namna ilivyokuwa miaka thelathini iliyopita. Usiende tena kuomba jalada la kibali tu. Omba kumbukumbu ya nyumba, na uombe kwa barua, ili jibu nalo lije kwa barua.

Kuhusu neno "matengenezo", hapo pana tundu ambalo nimeliona likitumika mara nyingi mno. Mtu huomba kutengeneza paa. Paa hufunguliwa, na likishafunguliwa hapana mtu wa chini anayeona kinachofanyika juu. Linapofungwa tena limepanda mita mbili u nusu. Mkaguzi akifika, anaambiwa chumba kilikuwepo tangu zamani, kwa sababu ni kweli kwamba nyumba nyingi zina vibanda vya juu vya kupungia upepo. Hapo ndipo picha ya zamani inakuwa na nguvu kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Nisisitize pia kwamba jambo hili halihusu majumba madogo peke yake, na kwamba macho ya walimwengu yapo juu yetu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Miongozo ya Mkataba wa Urithi wa Dunia, katika aya yake ya 172, inazitaka nchi ziiarifu Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ujenzi mkubwa mapema, kabla ya maamuzi ambayo ni vigumu kuyarudisha nyuma. Wakubwa wenzangu watakumbuka Mambo Msiige pale Shangani, jumba la karne ya 19 lililogeuzwa hoteli na kuongezewa jengo jipya ubavuni mwake. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya jengo hilo, na kufikia hapo kazi ilikuwa imeshakwenda mbali. Hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Jengo limesimama, haliwezi kuombwa msamaha wala kuomba msamaha. Kilichokosekana ni mjadala wa wazi mapema, wakati kalamu ilikuwa bado haijagusa wino.

Na wanaodhani hadhi hiyo haiondolewi waitazame Liverpool, mji wa bandari wa Uingereza. Uliingizwa mwaka 2004, ukawekwa katika orodha ya walio hatarini mwaka 2012 kwa sababu ya ujenzi uliokusudiwa ufukweni, na mwaka 2021 ukaondolewa kabisa. Kabla yake bonde la mto Elbe la Dresden, Ujerumani, liliondolewa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja. Katika miji yote hiyo miwili serikali ilionywa miaka kadhaa kabla.

Ndugu Mrithi, malalamiko yako ni ya haki, na nilipokuwa kazini niliona majalada yakilala. Dawa yake naiona katika kutenganisha njia. Anayebadilisha boriti kwa boriti na chokaa kwa chokaa, pasi na kuongeza urefu wala kubadilisha matumizi, apitishwe haraka, kwa fomu moja na ukaguzi mmoja. Anayetaka kuongeza ghorofa, kuvunja ukuta wa ndani au kugeuza makaazi kuwa hoteli, huyo ndiye ombi lake libandikwe. Ukifanya hivyo, hasidi wako wa kiambaza cha uani hana pa kukushika.

BintiMkunazini

Shikamoo Mzee Mstaafu. Nashukuru umetaja kubadilisha matumizi, kwa kuwa tunazungumza sana juu ya mawe na tunawasahau wanaokaa ndani yake.

Uchochoroni kwetu palikuwa na nyumba sita zenye familia nilipokuwa msichana. Sasa familia ni mbili. Nyumba nne zimekuwa za wageni, na sina ugomvi na wageni; wengine huamkia vizuri na hununua kwa majirani. Ila kila moja ya nyumba hizo ilipobadilishwa, sisi tuliobaki tulijua siku lori la magodoro liliposimama njia kuu. Hapana mtu aliyekuja kutuuliza maji yatatosha vipi, taka zitatolewa saa ngapi, wala muziki wa juu ya paa utazimwa saa ngapi wakati msikiti upo hatua ishirini.

Nitoe mfano mmoja. Mbele ya mojawapo ya nyumba hizo palikuwa na baraza ndefu ya mawe, iliyolainika kwa kukaliwa. Bibi yangu akichambua mchele hapo baada ya laasiri, na wazee wa kiume wakiishika zamu yao baada ya magharibi. Wakati wa ukarabati baraza ilikatwa kwa urefu wa mikono miwili ili mlango wa huduma upate kufunguka nje. Ramani ya mbunifu huenda iliita sehemu hiyo ngazi au kizingiti. Kama tangazo lingebandikwa mlangoni kwa siku kumi na nne tu, bibi yangu asingejua kusoma ramani, lakini mimi ningemsomea, naye angesema: hapa pana watu.

Naomba kwa hiyo tangazo liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, lisiwe karatasi ya vipimo pekee. Liseme: nyumba hii inaombewa kuwa hoteli ya vyumba kadhaa, inaombewa kupandishwa juu kwa kiasi fulani, mwenye neno aende kwa sheha kabla ya tarehe fulani. Na kina mama wasikilizwe saa ambazo kina mama wanaweza kutoka.

MchangiajiChake

Nawasoma kutoka Pemba. Chake Chake nayo ina mtaa wake wa zamani, nyumba zenye roshani na maduka ya chini, na Wete vivyo hivyo. Huku hatuna hadhi ya Urithi wa Dunia, kwa hiyo anayevunja havunji mbele ya macho ya mtu yeyote. Naomba mtakapoandika mapendekezo yenu msiyafunge ndani ya Mji Mkongwe peke yake. Tangazo mlangoni halihitaji UNESCO.

MkaaziWaKiponda

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo mkononi. Nawashukuru nyote, na ndugu wa Chake nimekuelewa. Nimeongeza mstari wa Pemba katika barua.

Watoto tumeshawahamishia chumba cha uani. Fundi aliyeandika hapa juu tuliwasiliana faragha, akaja mwenyewe. Alifungua plasta kwa upana wa kitabu kilichofunuliwa, akanionesha vichwa vya boriti vitatu: cha kwanza kizima, cha pili na cha tatu vyeusi, laini kama keki iliyolowa. Ametia tegemeo la muda na hakutaka malipo ya siku hiyo, Mungu amlipe.

Nilifuata ushauri wa Mzee Mstaafu. Niliandika barua nikiomba kumbukumbu ya nyumba na sababu za kibali, nikaambatisha picha za boriti, nikapeleka nakala kwa sheha na kwa diwani, na kila aliyepokea nilimwomba atie saini na tarehe kwenye nakala yangu. Jibu la ofisi bado halijafika. Sheha, kwa upande wake, alichukua hatua ambayo sikuitegemea: alimwita mwenye nyumba ya jirani, nami nikaitwa, tukakaa barazani kwake sote watatu.

Lazima nimtendee haki jirani. Hakuwa mtu wa shari. Alisema alimlipa mkandarasi na mchoraji, akaambiwa kila kitu kimepitishwa, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuisoma karatasi ya kibali kwa kuwa aliamini wenye kazi yao. Alipanda pamoja nami hadi chumbani, akagusa boriti ile, akanyamaza kwa muda. Siku iliyofuata bomba la maji liligeuzwa likaelekezwa kwenye mfereji wa uchochoro. Hilo tumelimaliza kwa wema, na naamini tungelimaliza kabla ya tone la kwanza kama yeye na mimi tungekutanishwa na tangazo mlangoni badala ya kukutanishwa na ukuta unaomomonyoka.

Ghorofa ya juu bado ipo, na hapo hatujakubaliana. Jirani anasema mkandarasi alimhakikishia kuwa palikuwa na chumba cha zamani juu ya paa, na kwamba yeye amekirudishia tu. Mimi nimezaliwa hapa na sikumbuki chumba. Nakumbuka ukuta mfupi wa kiunoni, na kamba ya nguo. Ila kumbukumbu yangu ni ya mtoto, na sheha ametutaka sote wawili tulete ushahidi.

Mrithi wa Malindi, hoja yako ya muda nimeiingiza kama ulivyoisema: matengenezo ya boriti kwa boriti yajibiwe ndani ya siku zilizowekwa, na ofisi ikishindwa ieleze kwa maandishi. Maneno ya Binti Mkunazini kuhusu Kiswahili cha tangazo na saa za kina mama nimeyaingiza yote, na ya fundi kuhusu kuandika aina ya chokaa na plasta ndani ya kibali ndiyo nimeyatanguliza. Tutakutana ofisini kwa sheha Jumamosi baada ya sala ya laasiri, kuisoma barua ya pamoja kabla ya kuipeleka kwa Mamlaka na Manispaa, na jirani yangu ameahidi kuja.

Kwa sasa nina ombi moja kwenu. Yeyote ambaye yeye au wazee wake walipiga picha kutoka juu ya paa maeneo ya Kiponda au Hurumzi, miaka ya themanini au tisini, hata kama ni picha ya harusi au ya watoto wakirusha tiara, atazame kilichopo nyuma ya watu. Tunatafuta nyumba yenye madirisha matatu ya mbao za kijani na ukuta mfupi juu yake, upande wa kulia wa mnazi uliokuwa umeinama. Mnazi ulishakatwa, lakini katika picha utakuwepo.